Kabla Hujatia Sahihi: Mwongozo kwa Kijana Anayeombwa Kushiriki Utafiti wa Afya

Tangazo limebandikwa nje ya mgahawa wa chuo, au limerushwa usiku kwenye kundi la WhatsApp la darasa, wiki ambayo bumu la mkopo limechelewa na watu wanakopeshana hadi sabuni: “Wanahitajika vijana wenye afya njema, miaka 18 hadi 30, kushiriki utafiti wa afya. Nauli na fidia ya muda vitatolewa.” Chini kuna nembo na namba ya simu. Swali la kwanza kundini halibadiliki: wanatoa shilingi ngapi?

Swali hilo lina haki yake na tutalifikia. Likitangulia, litayafunika mengine yote. Utafiti wa afya ni mapatano ya ukweli, na mapatano hayo yana zamu mbili. Kabla hujatia sahihi, anayedaiwa ukweli ni mtafiti: akueleze atakachokufanyia, kwa nini, na kinachoweza kwenda kombo. Ukishatia sahihi, deni linahamia kwako: umweleze ulichomeza, ulichosahau kumeza, unavyojisikia na ulichofanya. Mwongozo huu unafuata zamu hizo mbili. Umeandikwa zaidi kwa kijana wa Tanzania, ingawa wa Kisumu au Kampala naye atajikuta humu.

ZAMU YA KWANZA: DAI UKWELI WAKO

1. Jua unaitiwa nini

Neno “utafiti” hubeba mambo mengi. Kuna utafiti wa kujaza dodoso nusu saa ukaenda zako. Kuna utafiti wa tabia, ambapo watu hugawanywa makundi, kundi moja likapewa mafunzo, ujumbe wa simu au fedha, kisha watafiti wakaangalia kama mwenendo umebadilika. Na kuna jaribio la kitabibu, ambapo dawa, chanjo au kifaa hujaribiwa mwilini mwako.

Majaribio ya dawa na chanjo huenda kwa awamu. Awamu ya kwanza huwa na watu wachache, mara nyingi wenye afya njema, na swali lake kubwa ni usalama. Ya pili huongeza watu na kutafuta kipimo kinachofaa. Ya tatu huwa na mamia au maelfu, na huuliza kama kitu kinafanya kazi kweli. Ya nne huja baada ya dawa kuruhusiwa. Kwa hiyo anza na swali hili: hii ni awamu ya ngapi, na ni watu wangapi wamekwisha kuipata kabla yangu?

Swali hilo lina historia. Machi 2006, jijini London, vijana sita wenye afya walidungwa dawa iitwayo TGN1412, wakiwa binadamu wa kwanza kuipata. Walipewa mmoja baada ya mwingine, wakipishana kwa dakika chache tu, na muda mfupi baadaye wote sita walikuwa mahututi, viungo vya ndani vikishindwa kazi. Walinusurika, lakini kanuni zilibadilika: siku hizi dawa mpya kabisa hupewa mtu mmoja kwanza, akaangaliwa, ndipo wafuate wengine. Ukiambiwa wewe ni miongoni mwa wa kwanza, uliza mtapishana kwa muda gani.

Usidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Mwaka 2012, Bagamoyo, katika kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara, vijana 30 wa kiume wenye umri wa miaka 20 hadi 35, waliotoka vyuo vya elimu ya juu Dar es Salaam, walijitolea kwa utafiti ambao jirani asingeuamini: 24 kati yao walidungwa vimelea hai vya malaria vilivyosafishwa na kugandishwa maabara, na 6 walidungwa maji ya chumvi. Waliougua walitibiwa chini ya macho ya madaktari. Lengo lilikuwa kupata njia salama ya kupima chanjo za malaria kwa Waafrika wenyewe, ambao miili yao inaijua malaria tangu utotoni. Kijana anaweza kukubali jambo kama hilo kwa akili timamu, mradi amelielewa.

Utafiti wa tabia nao una sura zake. Mwaka 2009 ulianza utafiti katika vijiji vya wilaya za Kilombero na Ulanga, mkoani Morogoro, uliojulikana kama RESPECT. Watu 2,399 wa miaka 18 hadi 30 walipimwa magonjwa ya zinaa yanayotibika kila baada ya miezi minne. Kundi moja halikuahidiwa fedha. La pili liliahidiwa shilingi 10,000 kila mara mtu akikutwa salama, na la tatu shilingi 20,000. Baada ya mwaka mmoja, maambukizi yalikuwa yamepungua kwenye kundi la elfu ishirini, na la elfu kumi halikuonyesha tofauti ya maana. Hapakuwa na sindano ya kujaribiwa. Kilichopimwa ni uamuzi wa mtu akiwa peke yake gizani.

2. Usichanganye utafiti na matibabu

Hapa ndipo wengi hujikwaa, wasomi wakiwemo. Daktari wa zamu hospitalini anatafuta kinachokufaa wewe. Mtafiti, hata akivaa koti lile lile jeupe na kukuita “ndugu yangu”, anatafuta jibu la swali. Anatakiwa kukulinda, lakini ratiba yake, vipimo vyake na dozi zake zimepangwa kwa ajili ya swali hilo. Ukiingia ukitegemea kutibiwa tatizo lako, umeingia mlango usio wako. Uliza wazi: mimi mwenyewe nitafaidika na nini? Mara nyingi jibu la kweli ni “pengine hakuna, zaidi ya vipimo vya bure na kuangaliwa kwa karibu”. Mtafiti anayekujibu hivyo ameanza vizuri.

3. Hakikisha utafiti upo kweli

Matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” nao wanajua kuandika matangazo. Zingatia mambo manne.

Kwanza, utafiti wa kweli haukutozi ada ya kujiandikisha, wala hauombi namba ya siri ya simu yako ya fedha.

Pili, lazima uwe na kibali cha maadili. Tanzania Bara, tafiti za afya hupitiwa na kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na vyuo kama Muhimbili vina kamati zao. Zanzibar ipo Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Kenya, taasisi ya utafiti wa tiba KEMRI na vyuo vikuu vina kamati zao, na mtafiti hutakiwa pia kuwa na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Kibali kina namba na tarehe ya kwisha. Omba uone vyote viwili.

Tatu, ikiwa kinachojaribiwa ni dawa, chanjo au kifaa tiba, kibali cha maadili peke yake hakitoshi. Lazima TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iwe imeidhinisha jaribio hilo. Kenya kazi hiyo ni ya Bodi ya Famasia na Sumu.

Nne, majaribio ya kitabibu husajiliwa hadharani. Ingia bure kwenye ClinicalTrials.gov, au kwenye PACTR, rejista ya majaribio ya Afrika yenye makao Cape Town, utafute jina la utafiti. Utakuta nani anaugharimia, unataka watu wangapi, na unapima nini. Dakika kumi za bando zinatosha.

4. Soma fomu ya ridhaa kama unavyosoma mkataba wa chumba

Hakuna anayelipa kodi ya miezi sita bila kuuliza maji yanatoka siku gani. Fomu ya ridhaa inastahili uangalifu huo huo. Lazima iwe kwa lugha unayoielewa, na kwetu hiyo ni Kiswahili. Kama umepewa ya Kiingereza tu, dai nyingine bila aibu, hata kama unasoma shahada ya pili. Una haki ya kwenda nayo nyumbani, kulala nayo, kumwonyesha dada yako au rafiki anayesoma udaktari. Anayekuharakisha utie sahihi pale pale, mwambie utarudi kesho. Katika majaribio mengi mazito utaulizwa maswali ya kupima kama umeelewa kabla ya kuruhusiwa kusaini. Usiuone kama mtihani wa kukufelisha. Ni ngao yako.

Haya ndiyo maswali ya kubeba, yaandike kwenye karatasi:

– Utafiti huu unataka kujua nini, na kwa nini mmetafuta watu wa umri wangu?
– Nitakuja mara ngapi, kwa muda wa miezi mingapi, na kila ziara inachukua saa ngapi?
– Nitafanyiwa nini kila nikija? Sindano, damu, mkojo, maswali, picha?
– Madhara gani yamekwisha kuonekana kwa waliotangulia? Yapi yanahofiwa ingawa hayajaonekana?
– Nikipata madhara, nani atanitibu, wapi, na nani atalipa? Je, kuna bima ya washiriki?
– Nikiumwa saa nane usiku wa Jumapili, nampigia nani?
– Kuna dawa, pombe au michezo ambayo sitaruhusiwa? Lazima nitumie uzazi wa mpango?
– Sampuli zangu zitahifadhiwa miaka mingapi? Zitapelekwa nje ya nchi? Zitatumika kwa utafiti mwingine?
– Nani ataona majina na majibu yangu?
– Nikitaka kutoka, inakuwaje?
– Matokeo yatanifikiaje?

Ukisaini, nakala moja ni yako. Ndani yake pawe na namba ya mtafiti mkuu na namba ya kamati ya maadili. Hiyo ya pili usiipuuze: ndiko unakopiga pale ambapo unayemlalamikia ndiye mtafiti mwenyewe.

5. Elewa kura na plasebo

Katika majaribio mengi huchagui kundi, na daktari hakuchagulii. Kompyuta inapiga kura. Mara nyingi wewe na daktari wako hamtajua umeangukia wapi hadi utafiti uishe, kwa sababu mkijua, matumaini yenu yataingia kwenye majibu. Kundi la ulinganisho linaweza kupewa tiba iliyozoeleka, au plasebo: kidonge au sindano inayofanana na dawa lakini haina dawa ndani. Tusiiite “dawa bandia”, maana kwetu dawa bandia ni ile feki inayokamatwa madukani. Plasebo si utapeli, ilimradi umeambiwa mapema kwamba unaweza kuangukia huko.

Kuna watafiti wanaolipatia kundi la ulinganisho kitu cha maana. Kenya, katika utafiti wa KEN SHE uliofanyika Nairobi, Thika na Kisumu, wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 waligawanywa kwa kura: wengine wakapata chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, na wa kundi la ulinganisho wakapata chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Hakuna aliyeondoka mkono mtupu. Uliza kundi la ulinganisho linapata nini, na kama nyote mtapewa kile kilichothibitika mwishoni.

Hoja moja inayofuatana na hii: jaribio linaweza kusimamishwa katikati. Kamati huru ya wataalamu hukagua takwimu kadiri kazi inavyoendelea. PrEPVacc, utafiti wa chanjo za VVU uliohusisha watu wa miaka 18 hadi 40 Masaka nchini Uganda, Durban Afrika Kusini, na Mbeya na Dar es Salaam kwetu, uliacha kuchanja Novemba 2023 baada ya wataalamu kuona hapakuwa na matumaini ya chanjo hizo kuonyesha kinga. Kusimamishwa si kashfa. Ni breki ikifanya kazi yake.

6. Jiandae kwa majibu usiyoyatafuta

Kabla ya kupokelewa utapita uchunguzi wa awali. Unaweza kupimwa VVU, homa ya ini, ujauzito, figo, shinikizo la damu. Umeenda ukiwa mzima, ukifikiria nauli, na unaweza kutoka ukiwa na habari itakayobadili mwaka wako. Jiulize ukiwa bado nyumbani: majibu yakiwa mabaya, nitamwambia nani kwanza? Vituo vizuri vina mshauri nasaha na utaratibu wa kukupeleka kliniki. Uliza kama upo kabla hujatoa damu.

Wanaojiunga na majaribio ya chanjo ya VVU wana jambo lao la peke yao. Chanjo ya namna hiyo inaweza kuufanya mwili utengeneze kinga ambazo kipimo cha haraka huzisoma kama maambukizi. Mtu hana VVU, lakini kipimo kinasema anavyo. Imeonekana hata hapa kwetu, katika majaribio yaliyoanza Muhimbili mwaka 2007 na ambamo askari polisi 60 wa Dar es Salaam walijitolea kuwa miongoni mwa wa kwanza. Fikiria maana yake siku ya kupima afya kwa ajili ya ajira au ndoa. Kwa hiyo dai kadi ya mshiriki, na uliza ni wapi utapimwa kwa kipimo kinachotofautisha kinga na kirusi, hata miaka kadhaa baada ya utafiti kufungwa.

7. Kuhusu damu

Tumekua na hadithi za mumiani, na mzazi akisikia “wanachukua damu” moyo humpasuka. Mjibu kwa vijiko. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Mchangia damu hutoa takriban mililita 450 kwa mkupuo. Omba uambiwe jumla ya damu itakayotolewa kwa utafiti mzima, siyo ya siku moja tu, kisha ulinganishe. Ukiwa umechangia damu karibuni, waeleze. Na uliza kila chupa inapelekwa kupima nini. Hofu ya mumiani huota mizizi pale damu inapotoka bila maelezo.

8. Sasa fedha

Fedha unazopewa huitwa nauli na fidia ya muda kwa sababu maalumu. Hazitakiwi kuwa bei ya hatari. Kamati ya maadili huziangalia ili zisiwe ndogo hadi zikunyonye, wala kubwa hadi zikufumbe macho. Mjadala huu uliwahi kuwaka Kenya, pale vyombo vya habari vilipoandika kuhusu washiriki wa tafiti za kuambukizwa malaria kule Kilifi na kiasi walicholipwa. Hakuna jibu jepesi, lakini kwako wewe kipo kipimo chepesi: jiulize kama ungeshiriki kwa nusu ya fedha hizo. Ikiwa jibu ni hapana kwa sababu hatari inakutisha, sikiliza hofu yako.

Uliza pia malipo ni kwa kila ziara au ya mwisho tu. Malipo yanayosubiri mwisho yanaweza kukufunga mguu siku unayotaka kuondoka.

9. Utafiti wa tabia una hatari ambazo hazitoki damu

Dodoso linaweza kukuuliza unakunywa kiasi gani, umelala na wangapi mwaka huu, kama umewahi kufikiria kujiua. Hatari hapa ni macho ya mwenzako wa chumbani na ulimi wa anayekuhoji. Usijibu ukiwa kwenye kitanda cha hosteli chenye watu wanne. Ukitumiwa ujumbe wa utafiti kwa simu, omba usitaje ugonjwa, maana simu zetu huazimwa. Kama anayekuhoji ni jirani yako, omba mwingine.

Na kama mtafiti ni mhadhiri wako? Hapana yako isiguse alama zako, na ndiyo yako isikuongezee hata moja. Utafiti mzuri humtumia mtu mwingine kuomba ridhaa, ili mwalimu asijue nani kakubali. Usipoona ukuta huo, pigia kamati ya maadili. Sheria nayo iko upande wako: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Habari za afya yako si za kuachwa kwenye kompyuta yoyote.

ZAMU YA PILI: LIPA UKWELI WAO

10. Sema kweli, hata ile inayokuaibisha

Umeuliza, umejibiwa, umesaini. Sasa zamu imegeuka.

Kati ya 2009 na 2012 ulifanyika utafiti mkubwa uitwao VOICE, uliowashirikisha wanawake 5,029 wa Uganda, Afrika Kusini na Zimbabwe. Ulipima vidonge na jeli ya kuzuia VVU. Walipoulizwa, washiriki walisema wanatumia dawa zao karibu asilimia 90 ya wakati. Damu ilisema vingine: dawa ilionekana katika chini ya theluthi moja ya sampuli zilizopimwa. Wasichana wasioolewa, wa chini ya miaka 25, ndio waliotumia kidogo zaidi, na ndio walioambukizwa zaidi. Mwisho wa yote, utafiti haukuweza kuonyesha kuwa dawa zinakinga, kwa kuwa hazikumezwa.

Walipohojiwa baadaye kwa upole, wanawake walitaja sababu za maana: hofu ya madhara, wasiwasi wa kuonekana wanameza dawa za VVU, minong’ono ya nyumbani. Laiti sababu hizo zingesikika mapema, utafiti ungerekebishwa ukiwa bado unaendelea. Zilipojulikana, zilisaidia kuelekeza macho kwenye dawa isiyohitaji kumezwa kila siku. Juni 2024 yalitangazwa matokeo ya PURPOSE 1, utafiti wa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25 nchini Afrika Kusini na Uganda: kati ya 2,134 waliodungwa lenacapavir mara mbili kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyepata VVU. Anayemwambia muuguzi “sikumeza, niliogopa mama angeona” amechangia utafiti kuliko anayesema “nilimeza vyote”.

Ukweli huo unaanza siku ya kwanza. Usifiche ugonjwa ili upokelewe: mwenye pumu, kifafa au ujauzito anaweza kuumizwa na kitu ambacho mzima hakimgusi. Usijiunge na tafiti mbili kwa pamoja ili ukusanye nauli mara mbili. Dawa mbili zinaweza kugombana mwilini, na baadhi ya vituo hutumia alama za vidole kuwatambua wanaofanya hivyo. Dawa za kienyeji, vidonge vya kuongeza nguvu, P2 ya kuzuia mimba uliyonunua juzi: vyote vitaje. Na ukiona dalili yoyote baada ya dozi, piga simu siku hiyo hiyo, usisubiri ziara. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

11. Pima ratiba kabla ya kuahidi

Wanafunzi wengi hawaachi utafiti kwa hofu. Huuacha kwa sababu muhula umekwisha. Kabla ya kusaini, fungua kalenda: mitihani ni lini, fildi utapangiwa mkoa gani, ukihitimu utabaki mjini au utarudi kwa wazazi? Utafiti wa miaka miwili kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu ni ahadi kwa niaba ya mtu ambaye bado hujawa. Waeleze mapema. Wanaweza kukuhamishia kituo kingine, kukupigia simu badala ya ziara, au kukushauri usijiunge. Kila anayepotea bila taarifa anaacha tundu kwenye hesabu, na matundu yakizidi jibu zima linavuja.

Andika namba ya dharura kwenye simu na nyuma ya kadi ya mshiriki, na utembee na kadi hiyo kama kitambulisho. Ukipelekwa hospitali nyingine ukiwa hujitambui, kadi ndiyo itakayowaambia madaktari una nini mwilini. Hata pale ambapo hakuna ajuaye kundi lako, siri hiyo inaweza kufunguliwa kwa dharura.

12. Ukitaka kutoka, aga

Kanuni hii haina masharti: unaweza kutoka wakati wowote, bila kutoa sababu, bila kupoteza huduma unazostahili kama mwananchi. Imo katika Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kufanyiwa marekebisho mara nyingi, ya karibuni zaidi yakiwa ya Oktoba 2024. Marekebisho hayo yalifanya pia jambo la heshima: watu wanaofanyiwa utafiti sasa wanaitwa washiriki mahali pote.

Hata hivyo, kuacha dawa ghafla kunaweza kudhuru. Aga. Sema, “Naacha, naomba mniambie namna ya kuacha salama.” Uliza taarifa zilizokwisha kukusanywa zitafanywaje, kwa kuwa mara nyingi hubaki kwenye hesabu, na kama unaweza kuomba sampuli zako ziharibiwe. Deni lako linaishia hapo. Huhitaji kusingizia msiba.

13. Rudi kudai matokeo

Ziara ya mwisho ikifika, usiondoke na nauli tu. Uliza: nilikuwa kundi gani, tumegundua nini, na nani atatuambia? Hapa mapatano yanarudi yalikoanzia: zamu ya mtafiti kusema kweli haijaisha hadi akupe jibu la swali ulilomsaidia kujibu, hata kama jibu ni kwamba haikufanya kazi.

Na wakati mwingine jibu hurudi kwa njia usiyoitarajia. Wale 2,275 wa Kenya, pamoja na wasichana 930 wa Mwanza waliokuwa kwenye utafiti mwingine uitwao DoRIS, walisaidia kujibu swali dogo: je, dozi moja ya chanjo ya HPV inatosha? Shirika la Afya Duniani liliridhia dozi moja Desemba 2022, na Aprili 2024 Tanzania ikaanza kuitoa hivyo. Leo binti wa shule ya msingi akipanga foleni nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, anakunja mkono wa shati mara moja tu na kurudi darasani. Hajui kwamba kuna wasichana waliouliza maswali yao yote, wakatia sahihi, wakarudi kila walipoitwa, na walipoulizwa wakasema kweli.